Kaunta buku la sauti za usiku: nilivyozijua sauti za nyumba yetu Goba

Tulihamia Goba Novemba 2022, nyumba haijapigwa hata rangi ya nje. Sinza tulikokuwa tumepanga, usiku na mchana ni kelele: bodaboda, muziki wa baa, wapangaji wanaogonga geti saa 7 usiku. Goba kwetu ni kilimani, miti mingi, na ikifika saa 3 usiku unasikia hadi saa ya ukutani ya chumba cha pili. Ndipo tulipoanza kusikia na mengine.

Wiki ya pili dada wa kazi akaniaga asubuhi, begi liko mkononi. "Dada, nisamehe. Humu ndani kuna mtoto analia juu ya dari, na si mtoto wako." Binti yangu wa miaka 7 alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga tena chumbani kwake usiku. Baada ya siku chache mwalimu wake akanipigia simu: mtoto anasinzia darasani.

Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake za Tunduma zinamweka nje siku nyingi. Nyumbani tupo mimi, binti na mama mkwe. Mama akasema tuisomee nyumba dua, na tukasoma. Shehe alikuja, ubani ukafukizwa, tukapika pilau, majirani wakala. Nashukuru tulifanya hivyo, nyumba mpya haiingiwi kimyakimya. Ila sauti hazikuacha, na mimi nilichoka kuogopa kitu nisichokijua.

Nikanunua kaunta buku. Kila sauti ikitokea naandika saa, imetokea upande gani, imedumu kiasi gani, imefanana na nini. Baadaye nikaongeza safu ya hali ya hewa. Nilijiwekea sharti moja: siandiki jina la kitu mpaka nimekiona. Naandika "tak, kama kijiti kikavu kinavunjwa". Siandiki "mtu anatembea", kwa sababu ukishaandika mtu anatembea, usiku unaofuata utazisikia hatua zake.

Sharti la pili lilikuwa la usalama. Sikufungua mlango usiku peke yangu hata mara moja. Sauti ikiwa ya kitasa, geti au nondo za dirisha, hiyo haiandikwi daftarini. Unapiga simu kwanza. Nilikuwa na namba ya kijana wa ulinzi shirikishi na ya jirani wa nyuma.

Siku kumi zilitosha kuona mpangilio. Zile "tak" zilianza saa 12 na nusu jioni, zikazidi saa 1 na saa 2, na baada ya saa 5 hazikuwepo kabisa. Siku mbili za mawingu mazito sikuandika hata moja. Halafu Jumamosi moja jua liliwaka vikali, mvua ikashuka ghafla saa 10 alasiri, na "tak" zikalia mfululizo mchana kweupe tukiwa sebuleni. Nikajua ni bati. Fundi aliyeezeka nilipompigia alisema hivyo hivyo, kisha nikakaa nikapiga hesabu mwenyewe. Chuma hutanuka kama sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la mita 6 likipoa kwa nyuzi 30 linasinyaa milimita 2 na zaidi kidogo. Limebanwa na misumari, haliwezi kurudi taratibu. Linajivuta, linashikwa, kisha linaachia kwa mkupuo. Mbao za kenchi nazo, zikiwa bado mbichi, hulia zinapokauka.

Binti sikumwelezea hesabu. Nilitoa trei ya keki kwenye oveni, nikaiweka kwenye sinki, nikamwambia asubiri. Ikapiga "dong" yenyewe, akaruka, akacheka, akasema, "Tena!" Tulirudia mara tatu.

Sauti ya pili ilikuwa mguno nyuma ya ukuta wa bafu: "mmmm" ya sekunde tano hivi, kimya cha kama dakika 20, mguno tena, mpaka alfajiri. Mama alikuwa akisikia anasema, "Mwanangu, kuna mtu anaugua humo." Nikazima swichi ya pampu ya presha kabla ya kulala, mguno ukakoma. Kwa hiyo ni pampu, lakini pampu ile inajiwasha pale tu presha ya maji inapopungua, na saa 8 usiku nani anatumia maji? Maana yake yanatoka mahali. Nikaanza kufunga koki, usiku mmoja koki moja. Usiku wa tatu nilifunga ya choo cha watoto, pampu ikalala fofofo. Kuhakikisha, nilimwaga rangi nyekundu ya keki kwenye tenki la choo na hakuna aliyeflashi. Saa moja baadaye maji ya bakuli yalikuwa ya waridi. Raba ya chini ya tenki ilikuwa imekakamaa. Fundi bomba aliibadilisha kwa dakika kumi, na sipendi hata kufikiria umeme na maji tuliyopoteza.

Ya tatu ilikuwa kukwaruza darini, saa 4 hadi saa 9, juu ya korido. Nilipanda ngazi mchana nikiwa na tochi, nikanyunyiza unga wa ngano kwenye jipsam, pembeni ya tundu la kupandia. Kesho yake unga ulikuwa na alama ndogo za vidole, na katikati yake mstari mwembamba kama umechorwa kwa njiti. Mstari ule ni mkia. Panya. Tuliziba nafasi kati ya ukuta na bati kwa waya mgumu na saruji, tukatega mitego. Sumu niliikataa, panya akifia darini kwenye joto la Dar utahama wewe.

Ikabaki ile ya mtoto.

Niliisikia mwenyewe mara nne kabla ya kuijua, na nasema kweli, inatisha. Si kilio cha paka. Paka wakigombana unawatambua. Hii inaanza kwa sauti ya juu, inavutwa, inakatika, inarudi, kama kichanga kilichoachwa peke yake. Mara mbili kati ya hizo kilifuatia kishindo kizito juu ya bati, halafu mbio fupi. Mwili wangu wote ulisisimka. Lakini nilipofungua daftari, kitu kimoja kilikuwa wazi: mara zote nne nilikuwa nimeandika "upande wa mwembe".

Jioni nikaenda kwa mzee jirani, aliyezaliwa Goba hii kabla ya lami. Nilimwamkia, nikamwekea simu sikioni, maana safari ya nne nilikuwa nimewahi kuirekodi. Akasikiliza hadi mwisho, akaomba arudie.

"Mjukuu wangu, huyo komba. Anaitana na wenzake. Mwembe wako si umezaa?"

Umezaa sana. Neno komba nililijua kwa msemo tu, kulewa kama komba, kwa vile anavyopenda tembo la mnazi. Sikuwahi kuwaza kwamba ana sauti, wala kwamba bado anaishi ndani ya mkoa huu wa watu mamilioni.

Usiku ule mzee alikuja na mjukuu wake, kijana mkubwa. Tulisimama barazani, mimi, wao, na binti yangu akiwa mgongoni kwangu amejifunga khanga. Saa 4 na dakika chache kilio kikatoka mwembeni. Kijana akapeleka tochi taratibu kwenye matawi. Tukaona macho mawili yanawaka rangi ya makaa, makubwa kuliko kichwa kinavyostahili. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana linawaka hivyo na ndiyo maana anaona gizani. Kisha umbo zima: manyoya ya kahawia, mkia mrefu uliojaa, masikio makubwa yakigeuka huku na kule, na embe bichi limeshikwa kwa vidole kama vyetu. Alitutazama. Akaangusha embe, akaruka kwenye bati: kishindo, mbio fupi, kimya.

"Ana mikono," binti yangu alininong'oneza.

Hatukumdhuru, na sikutaka mtu amdhuru. Ni mnyama wa porini na alikuwepo kabla yetu. Tulikata matawi yaliyoinamia paa tukaacha nafasi ya mita 3 hivi, na maembe yaliyoanguka tukawa tunaokota kila jioni. Anakuja bado, analia bado, ila bati halikanyagwi. Binti alichukua wiki mbili nzima kurudi chumbani kwake. Sikumlazimisha. Kila akisikia kitu tuliandika wote, yeye anataja saa, mimi naandika.

Dada wa kazi nilimpigia nikamweleza. Alifurahi kujua, ila alikuwa ameshapata kazi Kigamboni.

Mwezi Februari, naosha vyombo, mama mkwe akaniita kutoka nje. Alikuwa amesimama chini ya mti wa mkungu, tochi mkononi, kidole mdomoni. Sauti mpya: "ting... ting... ting", kama mtu anagonga chupa kwa kijiko, haichoki. Akaipandisha tochi mwenyewe. Popo mla matunda alikuwa ananing'inia kwenye tawi, mabegani ana mafungu mawili ya manyoya meupe, na kila "ting" mwili wote unatikisika.

Mama hakuondoa macho juu. "Lete daftari, mwanangu," akasema. "Andika, saa 3 na robo."