Jinsi Nilivyolipatia Vyombo Jiko la Karavani Yetu

Karavani ninayoizungumzia ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari la kawaida, ya aina ambayo kila majira ya joto huonekana katika barabara za Uingereza ikielekea Wales, Cornwall au Scotland. Yetu tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na jiko lake lilikuwa limejengwa tayari: jiko la gesi la pleti tatu, oveni ndogo, sinki, friji na makabati. Kilichokosekana kilikuwa vyombo. Maduka ya vifaa vya kambi huuza seti kamili za sufuria zinazoingiana na vikombe vya plastiki, nazo zinamfaa mtu atakayekaanga mayai na kupasha supu ya kopo. Sisi tunakula ugali, maharage, pilau na chapati. Kwa hiyo nilianza kwa kuandika vyakula vya juma zima, ndipo nikajiuliza kila chakula kinadai chombo gani, na chombo kilichokosa chakula cha kukitetea kilibaki nyumbani Birmingham.

Sababu ya ukali huo ni uzito. Karibu na mlango wa karavani pana bamba lililoandikwa uzito wa juu ambao karavani haipaswi kuuzidi ikiwa imesheheni, na ukiondoa uzito wake ikiwa haijapakiwa unapata kiasi ulichoruhusiwa kubeba. Kwetu sisi kiasi hicho ni kilo 150 hivi, na humo huingia nguo, viti, hema la ubavuni, mitungi ya gesi na chakula chote. Nilivipima vyombo kimoja kimoja kwenye mizani ya bafuni, kwa kupanda nacho mkononi na kutoa uzito wangu, na hesabu hiyo ikaiondoa mara moja sufuria ya chuma niipendayo, yenye kilo 5 kabla haijatiwa kitu. Hata mahali pa kuweka chombo pana uzito wake: vizito hukaa chini, karibu na ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kwa sababu mzigo ukizidi nyuma karavani huanza kuyumba ikienda kasi, na ukizidi mbele huielemea ndoano ya gari. Ndiyo maana makabati ya juu nimeyaachia sahani za melamini (plastiki ngumu na nyepesi), vikombe na majani ya chai, na kati ya sahani na sahani naweka kitambaa ili zisigongane njia nzima.

Ugali ndio ulionifikirisha kuliko vyote. Mama yangu, nilipomweleza kwa simu kwamba natafuta sufuria nyepesi, alinijibu, “Mwanangu, sufuria nyepesi haipiki ugali, inauunguza tu.” Alikuwa na haki, lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa kusonga. Vyuma vinavyobeba sufuria kwenye jiko la karavani ni vyembamba, na ukisonga kwa nguvu sufuria huteleza na vyuma hupinda. Nilichagua sufuria ya alumini yenye kitako kinene na mkono mrefu, nikapunguza kipimo cha unga kwa kila mpiko, na ugali ukifikia hatua ya kukazwa naishusha sufuria juu ya kibao kilichotandikwa kitambaa kibichi, naukaza hapo, kisha naurudisha motoni uivie ndani. Sufuria hiyohiyo hupika pilau na kuchemsha chai ya maziwa. Jiko lina kifuniko cha kioo ambacho wengi hukigeuza meza. Mimi siweki juu yake chochote cha moto, wala siwashi pleti kabla sijakiinua, kwani kioo hicho hupasuka kwa joto.

Kwa chapati nilichukua tawa jepesi la chuma na mpini wa kusukumia, bila kibao cha chapati, kwa kuwa kifuniko cha sinki letu kinatosha kusukumia. Chombo ambacho kingekuwa cha mwisho kuachwa ni jiko la presha la lita 5. Lina uzito wa kilo 2 hivi, lakini maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa takriban robo saa tangu presha ipande, ilhali kwenye sufuria ya kawaida yangekula gesi kwa zaidi ya saa nzima na kuijaza nyumba mvuke. Mbuzi ya kukunia nazi sikuibeba. Tui la kopo ni tamu zaidi, lakini kopo moja lina gramu 400 na sehemu kubwa yake ni maji, kwa hiyo tunasafiri na tui la unga na kuvumilia tofauti.

Umeme wa kambini una mipaka ambayo mtu aliyezoea nyumba haitambui upesi. Viwanja vingi hutoa ampea 16 au 10, na ukivuka kwenda Ufaransa unaweza kukuta 6 tu. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300, na birika la kawaida la Uingereza hutaka wati 3,000 peke yake, hivyo ukiliwasha umeme hukatika na huenda ukalazimika kumwita msimamizi aurudishe. Tulinunua birika dogo la wati 1,000, ambalo huchemsha polepole lakini halizozani na friji wala chaja ya betri. Oveni ya maikrowevu niliitoa kabisa: iliyoandikwa wati 800 huvuta zaidi ya hapo, na kabati lake sasa linahifadhi unga.

Kwa upande wa gesi uamuzi ulikuwa kati ya butani na propani. Butani huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, na propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa kuwa sisi husafiri hata wakati wa Pasaka, ambapo asubuhi za milimani Wales zinaweza kuwa na barafu, tulichukua mtungi wa propani wa kilo 6. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama sakafuni, ndiyo maana karavani ina matundu chini. Nimeona watu wakiyaziba kwa mazulia kwa kuogopa baridi, jambo ambalo sitalifanya hata theluji ikianguka. Kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, iko ukutani, na blanketi la kuzimia moto limetundikwa karibu na mlango, kwa sababu likikaa juu ya jiko utalazimika kuupitisha mkono kwenye moto ili kulifikia.

Mvuke una usumbufu wake. Kuta ni nyembamba, na sufuria moja ya pilau iliyoachwa wazi huyalowesha madirisha yote na kuacha harufu ya binzari nyembamba kwenye magodoro. Napika sufuria ikiwa imefunikwa na dirisha la paa likiwa wazi, na samaki hukaangwa nje tu, kwenye jiko dogo la gesi lililowekwa mbali na hema.

Friji yetu hutumia umeme wa nyumba, gesi au umeme wa gari. Ule wa gari huhifadhi ubaridi uliopo, lakini haufai kuanzishia ubaridi, hivyo naiwasha kwa umeme wa nyumba siku moja kabla ya safari na kuipakia vitu ambavyo vimekwisha kuwa baridi. Tukifika, jambo la kwanza ni kuisawazisha karavani kwa pimamaji, kwa sababu friji ya aina hii haipoozi vizuri ikiwa imeinama. Maji tunayachota kambini kwa pipa la lita 40 linaloviringishwa chini kama gurudumu, maana kusafiri nayo kungekuwa kupoteza kilo 40 bure.

Chakula tunachobeba ni kile tu ambacho duka la kijiji cha Wales haliuzi: unga wa sembe, dengu, mchele tuliouzoea, na iliki, mdalasini na karafuu katika chupa za plastiki zenye vifuniko vya kuzungusha. Nyanya, vitunguu, nyama na maziwa hununuliwa huko huko. Msimu ukiisha, kila chenye unga hutolewa kwa sababu ya panya na unyevu, maji hufunguliwa yote mabombani yasije yakaganda na kuyapasua, na mlango wa friji huachwa wazi kidogo ili isiote ukungu.