Kurekodi Sauti za Kiswahili Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilipoanza kutumika Novemba 2019, mazungumzo mengi yalihusu benki na kampuni za simu. Sisi tunaofundisha kompyuta kutambua matamshi ya Kiswahili ilitugusa kwa njia nyingine, kwani katika maelezo yake ya data ya kibayometriki, yaani ile ya kumtambua mtu kwa maumbile yake, utambuzi wa sauti umetajwa pamoja na alama za vidole na DNA. Mwanasheria angeweza kubisha kwamba rekodi ya mtu anayesoma sentensi haifiki huko, lakini tuliamua kuzichukulia zote kuwa nyeti, maana kikundi kidogo hakina fedha za kubishana mahakamani.

Kilichotutatiza zaidi kilikuwa muda. Pale ambapo kazi inaweza kuhatarisha haki za watu, kifungu cha 31 kinataka ripoti ya tathmini ya athari iwasilishwe siku 60 kabla ya kuanza, ilhali ruzuku ya utafiti haisubiri mtu. Tukaupangia muda huo kazi zisizohitaji sauti ya yeyote: kuandika sentensi za kusomwa, kuwafunza wasaidizi na kufuatilia kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya.

Fomu ya ridhaa tuliiandika upya kwa Kiswahili cha kusomwa kwa sauti. Huko Kilifi mama mmoja aliisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na nikighairi, mwanangu, mtaitoaje sauti yangu humo?" Nilimjibu bila kumpamba maneno: kila rekodi ina namba, orodha inayounganisha namba na majina inafungiwa mbali na rekodi, na akighairi faili zake zitafutwa zisiingie katika toleo linalofuata, lakini modeli, yaani programu ya kutambua matamshi, iliyokwisha kufunzwa kwa rekodi hizo haitarudishwa nyuma, kwa kuwa sheria yenyewe inasema kughairi hakubatilishi kilichofanywa kihalali awali. Alifikiri kidogo, akakubali kurekodiwa. Swali lake sasa limo katika fomu, pamoja na jibu.

Wenzetu wa Tanzania nao wana sheria yao, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kusafirisha data nje ya nchi kuna masharti pande zote mbili. Kwa hiyo hatutumiani rekodi tena. Tunabadilishana programu na orodha za maneno, na kila upande unafunza modeli kwa sauti zake.