Siku Moja Maishani Mwangu: Rimu za Kromu na Kutu Inayoanzia Chini

Saa 1:30 asubuhi. Gari lenye rimu nne za kromu limeingia gereji sasa hivi. Maji bado. Kwanza nasogeza kiganja karibu na disiki za breki. Zikiwa bado zinafukuta, nasubiri. Rimu ya moto hukausha sabuni kabla hujaisuuza, na madoa yake hung'ang'ania.

Saa 2:00. Ukaguzi kwa tochi, na hapa siharakishi. Kromu yenyewe haishiki kutu. Ni utando mwembamba mno, kwa kawaida haufiki mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), uliolazwa juu ya nikeli, na chini ya nikeli kuna chuma au alumini. Utando huo una vitundu na nyufa zisizoonekana kwa macho. Maji ya chumvi hupenya humo, hula nikeli, kisha huifikia rimu yenyewe. Vidoa vya kahawia vinavyochomoza kutoka chini ya kromu maana yake rimu ni ya chuma. Unga mweupe na malengelenge ni alumini.

Napitisha ukucha juu ya kila doa. Ukiteleza, uchafu uko juu na utatoka. Ukikwama kwenye ukingo uliobanduka, hakuna polishi ya kuuponya: rimu inahitaji kuvuliwa kromu yote na kupigwa kromu upya. Mwenye gari aambiwe hivyo mapema.

Saa 3:00. Kuosha, rimu moja baada ya nyingine. Shampuu ya gari isiyo na asidi wala magadi makali, ndoo mbili (moja ya sabuni, moja ya kusuuzia brashi), brashi laini. Dawa za rimu zenye asidi hung'arisha kwa dakika tano huku zikipanua vile vitundu. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nayo ina klorini. Isiguse kromu kabisa.

Saa 4:00. Nalegeza nati gari likiwa chini, napiga jeki, naweka stendi, natoa matairi. Mgongo wa rimu ndio unaosahaulika, na ndiko kutu inakoanzia mara nyingi. Vumbi la breki lina chembe za chuma. Hutua zikiwa za moto, hujibandika, hushika kutu zenyewe na kutunza unyevu. Nasugua mgongo wote, matundu ya nati na shina la vali.

Saa 6:00 mchana. Vidoa vya kahawia. Nachukua foili ya alumini ya kawaida, kipande cha ukubwa wa kiganja, nakikunja, nakilowesha, nasugua taratibu kwa mizunguko midogo. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaiondoa kutu bila kukwaruza. Hutoka uji wa kijivu; nausuuza kabla haujakauka. Steelwaya ya jikoni hapana: mikwaruzo yake ni milango mipya ya maji. Rimu zilizopakwa vanishi juu nazo sizisugui kwa foili wala polishi ya metali.

Saa 8:00. Tairi moja linapoteza upepo polepole. Likivuliwa, kromu inaonekana imebanduka pale tairi linapokalia. Natoa magamba yote yaliyolegea, nasafisha mpaka pawe laini, napaka dawa ya kuziba ukingo. Wakati wa kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, naomba vizito vya gundi upande wa ndani. Vile vya kubana kwenye ukingo hukata kromu.

Saa 9:30. Hewa ya kompresa ndani ya matundu ya nati, kisha taulo ya maikrofaiba. Polishi ya kromu kidogo tu, halafu nta, tabaka jembamba, mbele na nyuma. Nta haipiti pale rimu inapogusana na habu (kitovu kinachobeba gurudumu) wala pale nati zinapokalia, kwa sababu hubadilisha ukazaji.

Saa 11:00 jioni. Nasafisha uso wa habu, narudisha matairi, nakaza kwa mpangilio wa nyota, nati moja kisha ya upande wa pili, hadi kipimo cha mtengenezaji. Nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100.

Gari linatoka na maagizo: nta kila miezi miwili au mitatu, kila mwezi kama linakaa karibu na bahari; na likipita kwenye maji ya chumvi, rimu zisuuzwe siku hiyohiyo, mgongo kwanza.