Nilivyookoa bodi nzima kwa kupunguza kina cha kabati

Hapa Keko, Dar es Salaam, kila fundi niliyemuuliza jinsi ya kupanga vipande kwenye mashine ya CNC, ile inayokata bodi kwa kuongozwa na kompyuta, alinipa jibu lilelile: "Kaka, bana vipande. Nafasi kwenye bodi ni hela imelala." Nikawasikiliza, na ndani ya wiki moja nikaharibu bodi mbili za melamini, kama laki mbili na kitu hivi. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana bado wanawapa vijana wanaoanza mashine.

Kazi ilikuwa makabati manane ya chini ya jikoni kwa mama mmoja wa Tabata. Pande kumi na sita, kila moja kimo milimita 720 na kina 600, kwa sababu jiwe la juu lilikuwa 600. Bodi ya nane kwa nne ni 2440 kwa 1220. Fundi mmoja akapiga hesabu kichwani: 600 mara mbili ni 1200, zinaingia na chenji inabaki. Alisahau kwamba biti, kile kisu cha mashine kinachozunguka, nayo inakula. Biti yangu ni ya milimita 6, inapita kushoto, katikati na kulia, jumla 18. Ukijumlisha unapata 1218. Inabaki milimita moja kila upande, na kingo za bodi huja zimebanjuka tangu kwenye gari. Nililaza bodi ikapinda kidogo tu kwenye meza ya mashine, pande tatu zikatoka na kingo zilizomeguka.

Bodi ya pili ndiyo iliyonitia uchungu. Zile reli za kuunganisha pande kwa juu, zenye upana wa 100, nilizisukumia mwisho wa bodi, nikazikata mwisho pia. Wakati huo bodi imeshajaa mifereji, pampu inayoshikilia bodi mezani kwa kufyonza inavuta hewa kila mahali, haishiki kitu. Nikasikia mluzi wa biti umegeuka mkoromo. Reli moja ilinyanyuka, ikabanwa kati ya biti na upande uliokwisha katwa, ikauchimba mfereji wa mshazari kama sentimita kumi, katikati kabisa ya uso. Nilipitisha kidole mle ndani, unga bado una joto.

Usiku ule niliacha kuhangaika na mpangilio, nikaligeukia kabati lenyewe. Kina cha 600 kinatoka wapi? Boksi la 560 ukiliongezea mlango wa 18 linafika 578, na jiwe la 600 linatokeza mbele kama sentimita mbili, vizuri kabisa. Kwa 560 pande mbili zinalala kwenye upana bila kugombana, safu tatu kwenye urefu, pande sita kwa bodi. Ningeng'ang'ania 600 ingebidi nizigeuze, zitoke nne tu, bodi nne badala ya tatu, na mistari ya mbao ilale badala ya kusimama. Usisahau kutoa unene wa utepe unaobandikwa kwenye ukingo wa mbele. Wangu ni wa milimita 1, kwa hiyo nakata 559.

Nafasi kati ya vipande naweka 8. Ukiweka 14 inabaki kamba ya milimita 2 kati ya mikato miwili, na hiyo ikikatika inaruka. Kingo za bodi nazipunguza 10 kila upande, sitaki mjadala hapo.

Ila ninachojivunia zaidi ni reli. Urefu unaobaki baada ya safu tatu ni kama 240, unatosha reli nne. Sikuuacha tena mwishoni. Nikaupeleka katikati, baada ya safu ya kwanza ya pande, ambako mvuto wa pampu yangu ni mzuri. Reli zinakatwa kwanza, bodi ikiwa bado nzima. Na sizikati mpaka chini: mzunguko wa kwanza naacha nusu milimita, halafu mzunguko wa mwisho, polepole, ndio unazitoa. Mistari yake inakwenda kinyume, lakini ziko chini ya jiwe, nani ataziona?

Bodi tatu zikatoa pande kumi na sita na reli kumi na mbili. Nafasi mbili za pande zilizobaki kwenye bodi ya tatu zikatoa reli nne za mwisho, tena na kipande cha rafu juu yake. Hakuna iliyoruka. Siku ya kufunga, mama alifungua na kufunga kila mlango mara mbili, akaweka kiganja chini ya ukingo wa jiwe, akauliza, "Mwanangu, na kabati la ukutani unaanza lini?"