Sharti la Tano

Juma lililopita mpangaji wetu wa Ngarenaro alinitumia kodi kwa simu, na binti yangu, ambaye darasani wamefika kwenye Azimio la Arusha, akaniuliza kama babu yake alikuwa na ruhusa ya kumiliki vyumba vile. Swali hilo mzee alikwisha kulijibu mwenyewe, siku niliyomzungusha mjini.

Tulianzia Boma, ngome ya Wajerumani ambayo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, ambako habari za nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, hazikumgusa hata kidogo. Kwenye Mnara wa Saa tulipiga picha. Alichokuwa akikitaka ni Kaloleni, kwenye ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967, na ambao tangu 1977 ni makumbusho ya Azimio lenyewe.

Ndani tulikuta wanafunzi wakinakili maelezo kwenye daftari. Mzee, ambaye alikuwa ofisa wa Serikali wa ngazi ya kati na kwa hiyo miiko ya uongozi ilimhusu, alivua kofia, akaanza kuitaja kwa kichwa huku akikunja vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili. Kidole cha mwisho akakishika bila kukikunja.

“Na la tano, babu?” kijana mmoja akauliza, kalamu mkononi.

“Asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo nimelishika mpaka 1991, wakubwa walipokaa Zanzibar wakalilegeza. Mwaka uliofuata nikafyatua matofali.”

Wanafunzi walicheka. Yeye hakucheka, na yule kijana, nadhani kwa uaminifu wa kitoto, aliandika yote.

Tulipotoka nilimkumbusha kwamba kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyonilipia ada.

“Najua, risiti ninazo.”

“Na wasingelegeza, Baba?”

“Ungesoma shule ya mtaani na wenzako, basi.”

Mpaka leo sijaamua kama kauli ile ilikuwa utani au majuto. Yeye alikuwa amekwisha kuanza kuulizia chai.