Kamera yangu ilivyoacha kuona ukungu usiku

Mchana kamera ya getini ilisoma hadi namba ya bodaboda. Giza likiingia, picha nzima nyeupe kama uji, mtu akipita unaona kivuli tu. Fundi akasema ninunue nyingine yenye megapikseli nyingi. Nikagoma.

Saa mbili usiku nikapanda ngazi. Taa za infraredi za kamera, yaani za kuonea gizani, za nanomita 850, kwa macho ni vinukta vyekundu hafifu, ila kwa kamera ni kurunzi. Mbele ya lenzi palikuwa na utando wa buibui, na juu yake bati lililopakwa rangi nyeupe. Mwanga uligonga hapo ukarudi kwenye lenzi. Kamera ikadhani pana mwanga wa kutosha, ikajibana isipokee mwanga mwingi, na kule getini kukabaki giza.

Nilifagia utando, nikafuta kioo, nikaishusha kamera sentimita 30 chini ya bati. Ukungu kwisha. Bado watu waliokuwa wakitembea waliacha mkia kama mizimu, maana gizani shata (kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) hukaa wazi muda mrefu. Nikafunga taa ya LED ya wati 10 getini, nikaweka shata 1/50 ya sekunde. Sasa hata paka wa jirani namtambua.

Buibui amesharudi mara mbili. Fagio nimeliacha pale pale kwenye ngazi.