Kutafuta Mtaa Chicago kwa Familia Mchanganyiko Isiyo na Dini

Chicago imegawanywa katika maeneo 77. Ukijumlisha mji mzima, weusi, weupe na Walatino wanakaribiana kwa idadi, kila kundi karibu theluthi moja. Ukishuka mitaani unakuta kila kundi limekaa upande wake. Kwa hiyo takwimu ya mji haimsaidii baba mweusi, mama mzungu na watoto wao wanaotafuta pa kupanga, na ndiyo maana tulikwenda kuona kwa macho: Rogers Park kaskazini, Hyde Park kusini, na Oak Park iliyo nje kidogo ya mpaka wa magharibi.

Tulichagua Jumapili asubuhi kwa makusudi. Kwa familia isiyo na dini, saa 4 asubuhi ya Jumapili ndiyo inayoonyesha kama mtaa una maisha nje ya ibada. Kama bustani ni tupu na maduka yamefungwa, ujue watoto wako watakuwa peke yao kila wiki, na nyinyi wazazi mtakosa pa kufahamiana na majirani.

Kuna kazi ya kufanya kabla ya kuondoka nyumbani. Tangu mwaka 2000 fomu ya sensa ya Marekani inamruhusu mtu kujiandikisha kwa rangi zaidi ya moja, na matokeo yanapatikana bure kwenye intaneti hadi ngazi ya eneo dogo lenye watu kama 4,000. Angalia ngazi hiyo, si wastani wa mtaa mzima. Mtaa unaweza kuonekana mchanganyiko kwenye karatasi kumbe reli imeupasua, weupe upande wa ziwa, weusi upande wa pili. Tena usimtegemee dalali kwa jambo hili. Sheria ya makazi ya 1968 inakataza kumwelekeza mteja mtaa fulani kwa sababu ya rangi au dini, hivyo ukimuuliza kama mtaa unafaa familia mchanganyiko atanyamaza. Muulize kodi, joto la nyumba na mpaka wa shule. Yaliyobaki waulize wazazi kwenye bembea.

Tulianzia Rogers Park, kwenye stesheni ya Howard, mwisho wa kaskazini wa treni ya Red Line inayotembea saa 24, kisha tukateremka kwa miguu kuelekea kusini hadi Morse. Hapa ndipo penye mengi ya kuona. Simama mlangoni pa jengo lolote la matofali la ghorofa tatu na usome majina kwenye kengele: utakuta la Kihispania, la Kiyoruba, la Kipolandi na la Kihindi kwenye kibati kimoja. Kibati hicho kinasema ukweli kuliko tangazo lolote la nyumba, kwa sababu kinaonyesha watu wanaopanda ngazi moja na kufua kwenye mashine zilezile za chini. Barabara nyingi za mashariki zinaishia ufukweni mwa Ziwa Michigan, hakuna kiingilio, na watoto wa kila rangi wanachimba mchanga pamoja. Kuanzia Juni hadi Oktoba kuna soko la Jumapili barabara ya Glenwood, karibu na stesheni ya Morse. Wazazi wasiokwenda kanisani hukutana hapo.

Angalia pia vinyozi. Mtoto mchanganyiko ana nywele zake, na mtaa unaowajua watoto kama yeye una kinyozi au msusi asiyeshtuka. Uliza kabla ya kukaa kwenye kiti: mnachana nywele za mkunjo zikiwa mbichi au kavu? Anayesema kavu, mshukuru uondoke.

Ukielekea magharibi kwa barabara ya Devon unaingia kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, halafu Wayahudi wanaoshika dini sana. Chakula ni kizuri na majirani ni wapole, ila maisha ya jamii yanazungukia misikiti, mahekalu na masinagogi. Wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili nao wako sehemu hizi za kaskazini, na wengi wao wameshikana kupitia makanisa. Watakukaribisha kwa moyo mmoja, lakini mwaliko wa kwanza utakuwa wa ibada. Ni vyema wenzi wakubaliane mapema watajibu nini.

Kwenda Hyde Park shuka katikati ya mji, tembea hadi Millennium Station, panda treni ya Metra Electric. Mtaa huu umezunguka Chuo Kikuu cha Chicago, na familia za rangi mbili hazishangazi mtu: Barack Obama, mwana wa Mkenya na Mmarekani mweupe, alifundisha sheria chuoni hapo na kuishi jirani. Haikuwa hivi zamani. Chuo kilisaidia kutetea mikataba iliyowazuia weusi kununua nyumba, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifutia nguvu mwaka 1948. Shida ya leo ni nyingine. Wanafunzi na wahadhiri huja na kuondoka, na rafiki wa mtoto aliyepatikana Septemba huenda Juni akahama. Pia watoto wengi wa maprofesa husoma shule ya binafsi ya chuo, kwa hiyo mchanganyiko unaouona barabarani hauupati lazima darasani. Fungua ripoti ya kila shule, inaonyesha asilimia za wanafunzi kwa rangi.

Oak Park ina sheria yake ya makazi tangu 1968, na shule yake moja ya kati ina jina la Percy Julian, mkemia mweusi ambaye nyumba yake hapo ilichomwa moto mwaka 1950. Ni mji uliojirekebisha kwa nia, na unastahili heshima. Kodi ya majengo ni kubwa mno, basi.

Kuhusu dini shuleni, Illinois, jimbo lenye Chicago, ina historia nzuri. Vashti McCollum, mama wa mji wa Champaign asiye na dini, ndiye aliyeshinda kesi ya 1948 iliyoondoa masomo ya dini katika shule za umma. Siku hizi kuna kipindi kifupi cha ukimya asubuhi. Mtoto anaweza kuwaza lake. Tatizo liko kwenye chekechea, kwani nyingi zimo kwenye majengo ya makanisa. Uliza mambo mawili: je, jengo limekodishwa tu, na je, kuna sala kabla ya chakula?

Chaguo letu ni Rogers Park, kati ya stesheni za Jarvis na Morse. Kabla ya kusaini, jua kwamba wenye nyumba wengi wameacha kudai amana na badala yake wanatoza ada ya kuhamia, ambayo hairudishwi. Kama joto limo kwenye kodi, mwenye nyumba analazimika kufikisha nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 4:30 usiku, Septemba 15 hadi Juni 1. Ukiambiwa nyumba imeshachukuliwa na tangazo bado lipo, mwombe rafiki mweupe apige simu siku hiyohiyo, uone kama naye atajibiwa vivyo hivyo. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Malalamiko ya ubaguzi kwa wizara ya makazi ya Marekani yanapokelewa ndani ya mwaka mmoja.